Lukasi Mwaipyana na Safu Aliyoikataa

Marehemu Lukasi Mwaipyana alizaliwa Makandana tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Simon na Mama Atupakisye. Alisoma hapahapa Tukuyu, akahitimu stashahada ya kompyuta Mbeya mwaka 2003. Kukaa kimya hakukumfaa. Darasani aliuliza mpaka mwalimu akamwomba awaachie na wenzake.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Felista wa Msasani. Wazee wa huko walimpokea kwa maswali: mwana wa nani, umetoka wapi, umekuja kufanya nini? Alirudi amefurahi, akasema hata kompyuta ihojiwe hivyo. Tulidhani anatania.

Katika chama cha wakulima wa chai alitunza kanzidata ya wanachama. Aliandika fanksheni, yaani amri za kutumika tena na tena. Mbili alizipa jina moja, futa_kituo. Ya kwanza hutajiwa kituo kimoja cha kukusanyia chai, ikafuta wakulima wa hicho tu. Ya pili haitajiwi kitu, ikafuta vyote. Dirisha la amri lilionyesha jina, basi. Tarehe 6 Agosti 2021 mtu mmoja ofisini aliita ile ya pili. Wakulima 2,312 wakatoweka, na nakala ya akiba ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Jamani, tulizunguka vituoni siku kumi na moja, tukiandika majina upya kutoka kwenye madaftari.

Bodi ilitaka kujua nani. Akajibu, "Fanksheni ni zangu." Akavuliwa ukuu wa kitengo.

Tangu hapo hakutulia. Alitengeneza orodha mpya inayoonyesha jina la kila fanksheni, inachotaka kutajiwa, jibu inalorudisha na inachofuta. Bodi iliipenda, ikadai safu moja zaidi, ya aliyeitumia mara ya mwisho. Alikataa katakata. Alisema orodha ni ya kueleza fanksheni, si ya kushtaki watu. Walimsumbua miaka mitatu.

Figo zilianza kumtesa Novemba 2023. Hata kitandani aliagiza kompyuta, Felista akiificha. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka arobaini na sita.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Tulia na Shukrani, na mdogo wake, Esnath, ninayewasomea.

Linalofuata halimo kwenye karatasi zenu. Aliyefuta wakulima ni mimi. Kaka alijua siku ileile, akanisitiri, nami nikamwachia lawama kwa woga. Naona aibu. Wanabodi mpo hapo mbele. Naomba msimame mseme, kabla ya udongo, kwamba hakuwa yeye. Ndipo apumzike.