Shangazi Aída Anakabidhi Lango

Jumapili hii, tarehe 1 Desemba 2024, Aída Slobodsky anastaafu baada ya miaka arobaini na miwili ya kujitolea katika kundi la vijana la sinagogi yetu hapa Paraná. Alianza Machi 1982. Aliombwa ashike lango wiki mbili tu, maana bwana wa langoni alikuwa ameteguka mguu. Mguu ukapona, bwana akarudi, akakuta kiti kina mwenyewe.

Siku za wiki alikuwa anauza dawa dukani. Jumamosi mchana alikuwa wetu. Chupa ya chai kwapani, kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwetu, mkononi, na kila mtoto anayeingia anapata neno lake. "Wewe, umekula? Usinidanganye, naziona mbavu." "Iván, hizo nywele mama yako ameshindwa, au mmekubaliana?" Watoto wa mwaka 1982 siku hizi wanaleta wajukuu, na bado anawauliza kama wamekula.

Wakubwa wanasimulia kambi ya mwaka wa mvua, sufuria zote zilipokwenda na mto. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akaleta dumu lake kubwa la maziwa ili wachemshie supu ya kuku. Shangazi akamshukuru, akamrudishia. Kuku kwenye dumu la maziwa, kwetu haiwezekani: dini yetu haichanganyi nyama na maziwa. Watoto wakala mahindi ya kuchoma siku tatu. Mmoja akauliza, "Shangazi, kweli Mungu ataona, kwenye mvua yote hii?" Akajibu, "Mungu sijui. Mimi nitaona."

Halafu kuna kuhesabu. Bibi yake, aliyekuja mkoa wetu huu wa Entre Ríos kulima, alimfundisha kwamba watu hawahesabiwi, ukiwahesabu unawavutia kijicho, jicho baya. Kwa hiyo Shangazi alihesabu kwa kukana: siyo mmoja, siyo wawili, siyo watatu. Ukipita anakugusa bega. Kambini sisi vijana tunaoongoza watoto tulikuwa tunaleta orodha kwenye simu, tunamwambia, "Shangazi, dunia imebadilika." "Imebadilika, lakini kijicho kipo," anasema, anaendelea. Watoto walipenda sana. "Shangazi, mimi siyo wa ngapi?" Wanazunguka nyuma wahesabiwe tena, anawafukuza na kandambili.

Sasa inabidi niandike kuhusu Januari. Mwenyewe ametuambia wasifu wenye sifa tupu ni tangazo la sabuni.

Ilikuwa Ijumaa kambini, jua linakaribia kuzama, watoto wanatoka mtoni kwenda kuoga kabla ya Sabato. Shangazi alisimama njiani akahesabu mpaka siyo thelathini na saba. Wametimia. Kumbe rabi aliyekuja kututembelea alifika na mwanawe, na yule mtoto alishajirusha mtoni na wenzake, akapanda nao, kalowa kama wao. Bega lake nalo liliguswa.

Tukawasha mishumaa. Tukakaa mezani. Kila Ijumaa ya kambi Shangazi anazunguka meza, anamwekea kila mtoto mkono kichwani, anamtaja jina na kumbariki, kwa niaba ya wazazi walioko nyumbani. Alifika kwenye kiti cha Milena, binti wa miaka minane. Kiti kitupu. "Yuko chooni," wenzake wakasema. Hakuwepo chooni.

Sabato ilikuwa imeshaingia, na Sabato sisi magari hatuyagusi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye gari. "Washa! Uhai kwanza, mengine nitayajibu mimi!" Dakika arobaini. Wengine tulikuwa mtoni tunaita, na mtu ukiita jina la mtoto kwenye maji, halafu maji yakanyamaza, ule ukimya unabaki nao. Milena alikuwa kwa Don Ceferino, mzee anayekaa ng'ambo ya mitaro. Alikwenda kutafuta ndala yake, akapotea njia, na mzee akamkatia tikiti maji. "Mbona mmechelewa?" akatuuliza.

Kesho yake sisi vijana tulijikusanya, tukamwendea Shangazi na hoja yetu nzuri. "Mtoto mzima, hana hata mkwaruzo. Mama yake akijua, mwakani kambi hakuna. Tunyamaze." Alitusikiliza mpaka mwisho. "Kambi isipokuwepo, haitakuwepo," akasema. "Habari ya mtoto ni ya mama yake. Siyo yenu, wala siyo yangu." Sabato ilipotoka tu, akapiga simu.

Jumapili asubuhi Vanina, mama yake Milena, alifika. Yeye mwenyewe kakulia langoni kwetu. Alimkumbatia Shangazi, akalia, halafu akasema, "Wewe nakupenda tangu nina miaka sita. Lakini huyu simleti tena."

"Una haki, mwanangu."

Mbele ya wazazi wote Shangazi alisema maneno machache: "Aliyekosea ni mimi, msiwaguse hawa vijana. Nitamaliza mwaka, kisha nawaachia." Wazazi wengine walibaki nasi. Kiti cha Milena kikabaki kitupu.

Tangu Machi Shangazi aliingiza kiti chake ndani, lango akatuachia sisi. Na alikuwa mkali, jamani! Mtoto anapokelewa kwa jina, anaondoka kwa jina, mkono kwa mkono. Ukisema "haya, kwaheri mdogo wangu", unasikia sauti kutoka ndani, "Huyo 'mdogo wangu' ndiye nani? Ana baba? Ana mama? Mrudishe, umuage vizuri!" Mpaka Mei tulikuwa tunawajua wote kwa majina mawili mawili, na paka wao.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema, "Msininunulie sahani yenye jina langu. Nataka Milena arudi kwa wenzake. Hilo haliuzwi, basi msinunue kitu." Basi tukakaa na jambo hilo miezi yote hiyo. Kumwomba Vanina alitukataza. Mtu akimdai mwenzake imani, alisema, hiyo siyo imani tena, ni adabu tu.

Katikati ya Novemba, saa ya kutoka, Vanina alisimama upande wa pili wa barabara. Peke yake, mikono kifuani. Mmoja wetu akataka kuvuka amsalimie. Shangazi akasema kutoka kitini, "Asiende mtu. Hajaja kusalimiwa, amekuja kuangalia." Aliangalia mpaka mtoto wa mwisho akaondoka, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata, tena. Shangazi akainua kibuyu. Alikunywa yerba yake, lakini ilikuwa imeshapoa.

Shangazi Aída, kwa miaka yote hii, asante. Asante kwa mahindi ya siku tatu. Asante kwa ile simu, ambayo sisi tusingeipiga, na sasa tungeipiga. Nenda ukalale mchana Jumamosi kama watu wengine. Mungu akupe afya, macho yapate nguvu, na majirani wenye habari tamu.

Limebaki moja, ulikuwa hujaambiwa. Alhamisi Vanina alikuja. Aliuliza, "Sasa langoni ni nani?" Tukasema, sisi. "Na Shangazi?" Anaondoka Jumapili. Vanina alivuta kiti, akakaa. Kisha akaomba kalamu, akajaza fomu ya kambi ya Januari, akasema, "Msimwambie. Nitamleta mwenyewe."

Weka karatasi hii chini, Shangazi, ugeuke nyuma. Safu ya tatu ya viti hapa ukumbini, gauni la njano.