Mwalimu Kivipi na Lango la Uzio

Ndugu, jamaa, majirani na walimu wote mliokuja kutushika mkono, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Kivipi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa fundi mabehewa na mshonaji wa sare, na dada yake mkubwa, aliyekaa pale mbele, anasema akiwa mdogo sana aliifungua redio ya baba yao kumtafuta anayezungumza ndani, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena kwa sababu jana hakumaliza kuangalia.

Alisoma shule ya serikali nyuma ya karakana ya reli kuanzia mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, na Januari 1970 akaingia chuo cha ualimu, ambako wanachuo walijifunza kufundisha kwa kufundishana wenyewe, mmoja anashika chaki, wenzake watu wazima wanajifanya watoto wa darasa la tatu, wananyoosha vidole na kujibu sawasawa, mkufunzi anatoa alama, na mama yetu aliwashinda wote, akatoka pale Novemba 1971 akijua ualimu kauweka mfukoni.

Januari 1972 alipewa darasa la tatu la kweli, watoto zaidi ya tisini, wengine wamekaa sakafuni, akafundisha kugawanya, akauliza, "Tumeelewa?" nao wakaitikia, "Ndiyooo, Mwalimu!" mpaka bati likatikisika, na aliendelea kufurahia mwitikio huo muhula mzima, hadi mtihani ulipokuja na darasa karibu lote likaanguka. Alimwita msichana mmoja wa nyuma, akamuuliza kwa upole mbona walisema wameelewa, na mtoto akamjibu, "Mwalimu, tukisema hapana si utaanza upya?"

Alicheka, lakini jambo hilo halikumtoka kichwani, akawa kila akipata kipindi cha bure anaomba ruhusa kwa wenzake na kwenda kukaa dawati la mwisho, magoti yamebanwa chini ya meza yake, apate kujua mtoto wa kule anasikia nini na anaona nini, na tangu hapo hakuuliza tena kama watu wameelewa, bali kila aliyempa jibu, sahihi au la, alimwambia, "Kivipi?" na jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na baba yetu, fundi saa, ambaye mama alimpelekea saa ya mkono nzima kabisa, baba akamwambia, "Dada, hii haina ubovu," naye akajibu, "Najua, wewe fungua tu," wakajaliwa watoto watatu, aliyezaliwa mwaka 1976, wa 1979 na kitindamimba wa 1984, na baba alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 1986 alihamishiwa chuo kilekile cha ualimu alichosomea kuwa mkufunzi, akakuta watu wazima bado wanajifanya watoto, wakati shule ya msingi ya serikali iko ng'ambo ya uzio na kelele zake zinaingia madirishani. Aliomba wanachuo wavuke, mkuu wa chuo akasema, "Mama, watoto wa kweli watawavuruga," akajibu, "Ndicho ninachokitaka," lakini mwalimu mkuu wa ng'ambo naye akakataa, akisema watoto wake si wa kufanyiwa majaribio, na hapo mama alikiri kwamba mwenzake ana haki. Walizungushana miaka mitano, mpaka wakakubaliana kwamba mwanachuo atakaa kwanza dawati la nyuma muhula mzima, na akishika chaki mwenye darasa asitoke, ndipo uzio ukakatwa lango.

Alistaafu mwaka 2011, na baadaye wanachuo walipoongezwa wakawa wengi kuliko madarasa ya ng'ambo, lango likafungwa kufuli, naye kila akipita alisimama kulitazama, akijiuliza walimu wanaotoka sasa watakutana lini na mtoto wa kwanza.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023, na wiki ya mwisho ya maisha yake muuguzi mwanafunzi alimweleza dawa zake, akauliza, "Umeelewa, bibi?" mama akaitikia, "Ndiyooo!" kisha akamshika mkono, "Usiondoke, mjukuu wangu, sasa niulize nizinywe vipi." Alifariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, katika hospitali ya serikali.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule aliyerudi kumuuliza, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na mkuu wa chuo wa sasa, ambaye jana, mbele ya waombolezaji, alituahidi kwamba lango litafunguliwa, nasi tumefurahi sana, na kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kusema, tunamsemea: kivipi?

Pumzika kwa amani, Mama, jibu tutalisubiri sisi.