Risasi Mgongoni: Maisha ya Fundi Kocsor Márton wa Debrecen (1818–1889)

Marehemu Kocsor Márton, fundi ngozi, alizaliwa hapa Debrecen tarehe 11 Novemba 1818. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi Kocsor Bálint, na wa kwanza kuuvuka mwaka wa pili akiwa hai.

Alianza shule ya kanisa mwaka 1825, akawa msikivu kupita kiasi. Siku mwalimu aliposimulia habari za Daudi na Goliati, Márton alinyoosha mkono: "Mwalimu, yale mawe Daudi aliyabeba mbele au mgongoni?" Alichapwa bila kujibiwa. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliacha masomo, akaketi kwenye benchi la baba yake.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa mikoba ya risasi ya wapanda farasi. Babu yake alishonea askari waliobeba pembe ya baruti upande huu na kifuko cha risasi upande ule, kisha wakahangaika kuvikutanisha farasi akiwa mbioni. Enzi za baba yake baruti na risasi vikafungwa pamoja katika karatasi, na mkoba ukawa kisanduku: ndani kipande cha mti kilichotobolewa matundu ya kuchomeka risasi, juu kifuniko cha ngozi, chote kikining'inia mgongoni kwa mkanda mweupe uliopita begani. Márton alirithi kisanduku hicho pamoja na kasoro yake. Kifuniko kikilegea, risasi ziliruka nje. Kikikazwa, mtu aliyeshika hatamu hakuweza kukifungua kwa mkono uliobaki. Mwaka 1849 aliwashonea wapigania uhuru wa Hungaria, wakashindwa. Mwaka 1852 aliwashonea waliowashinda, jeshi la Kaisari wa Austria, kwa sindano ileile.

Tarehe 6 Mei 1843 alimwoa Borbála, binti wa mtengeneza ngozi, aliyemwambia mlangoni mwa kanisa, "Harufu yako nimeshaizoea, twende." Walijaliwa Lídia, kisha mwaka 1845 Ambrus, ambaye mwaka 1864 aliingia kikosi cha mahusari, askari wapanda farasi wenye sare za nakshi.

Tangu Ambrus avae sare, baba yake hakutulia. Alishona mkoba mdogo wa kukaa tumboni, mshipini, unaofunguka kwa kidole kimoja, akaupeleka mwenyewe kwa tume ya sare za jeshi.

"Unafunika nakshi za koti," alisema ofisa.

"Bwana mkubwa, adui yuko mbele, risasi ziko nyuma."

"Fundi, husari hata akifa hufa maridadi."

Alirudi na agizo la kuongeza kamba ya pili kwenye vifuniko, visipigepige siku ya gwaride. Alizishona. Mikoba mia mbili, na mmoja ulikwenda kwa Ambrus.

Julai 1866 koplo Dömötör wa kikosi cha Ambrus alirudi kutoka vita na Waprusia, akaweka mkoba mezani. "Baba, tulimkuta mkono uko mgongoni, kama mtu anayejikuna." Márton alifungua kamba ya kwanza, akafungua ya pili. Risasi ishirini, zote zimo. Chini ya kifuniko palikuwa na muhuri wake mwenyewe.

Hakushona tena mkoba wa mgongoni. Alishona viatu. Mikoba ya maofisa ikazidi kuwa midogo, ikapata vifuniko vya fedha, ikabeba vitana na tumbaku. Mwaka 1887 tume ikatangaza ugunduzi wake mkubwa: risasi za askari zihamie mbele, mshipini.

"Mzee, umeshinda!" alisema jirani.

"Ambrus angekuwa na miaka arobaini na miwili," alijibu, akaendelea na soli.

Kifua kilimbana tangu Desemba 1888. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 1889, nyumbani, Borbála akimfungulia vifungo vya shati apate hewa.

Jana kikosi cha mahusari kilimtuma luteni na mkoba wa ofisa, fedha tupu, uwekwe juu ya jeneza kwa heshima. Mjane alimwomba aufungue kwa mkono mmoja. Luteni alivua glavu. Alijaribu, akatokwa jasho, akaubana katikati ya magoti.

"Nenda nao, mwanangu," alisema Borbála. "Na siku ya vita, uutupe."

Ndiyo maana jeneza hili halina kitu juu yake.

Ameacha mjane, Borbála, binti, Lídia, na wajukuu watatu, ambao hakuna hata mmoja aliye jeshini. Amelazwa mikono yake yote miwili ikiwa mbele, kifuani. Mungu amjalie utulivu.