Mama Washa, Wifi Yetu Aliyewakalisha Wenye Magari ya Chongo

Ndugu waombolezaji, majirani, askari mliokuja na sare zilizopigwa pasi ikakolea, na nyinyi madereva ambao najua wengine mmekuja kuhakikisha, familia imenipa mimi, wifi yake mkubwa, kazi ya kusoma historia ya marehemu, wakanionya nisome yaliyoandikwa tu nisiongeze la kichwani, nami nimewatii, kwa sababu yote yaliyoandikwa nimeyaandika mwenyewe.

Marehemu, ambaye barabarani mlimwita Mama Washa, alizaliwa tarehe 9 Februari 1966, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na barabara kuu, karibu kiasi kwamba lori likipita vikombe vilitembea kabatini. Alipokuwa darasa la nne, baba yake akirudi jioni na baiskeli aliona taa moja inakuja mbele, akajua ni pikipiki, akaiachia nafasi ya pikipiki, kumbe ni lori lenye chongo, taa moja inawaka na nyingine imekufa, ikabidi ajitupe mtaroni, akatoka humo na nyonga iliyovunjika na mwendo wa kuyumba uliomfuata hadi uzeeni. Dereva wa lori alipoulizwa alijibu kwamba taa hiyo alikuwa anapanga kuitengeneza. Neno hilo, anapanga, lilimkaa marehemu kooni kama mwiba wa samaki, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, kusimama barabarani na mamlaka ya kumwambia dereva aache kupanga, atengeneze sasa hivi. Barabara hiyo aliipata, kisha nusura anyang'anywe, nitafika huko, msinisukume.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1974 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1984, alama zake za hesabu tuziache zipumzike naye, ila wenzake wa darasani, nao wamo humu ndani, wanasema alipokuwa kiranja wa usafi hakumshtaki mtu mwenye kucha chafu kwa mwalimu, alimsimamisha bombani hadi zitakate, kisha akamsindikiza darasani mwenyewe kama bibi harusi.

Mwaka 1987 alijiunga na polisi, na mwaka 1989 akapelekwa kikosi cha usalama barabarani, akapangiwa njia panda ile yenye kituo cha mafuta, duka la vipuri na kibanda cha fundi wa umeme wa magari ambaye wote tunamwita Waya. Hapo ndipo alipoanzisha utaratibu wake, uliowachosha wengi na kuwachekesha wengine, maana gari likiwa na taa mbovu hakukimbilia kuandika faini, alisema dereva wa faini huondoka na karatasi mfukoni na chongo chake vilevile, na anayetoa cha pembeni huondoka na chongo na kiburi juu. Yeye alikuambia washa, zima, kanyaga breki, kisha akakushusha uende nyuma ya gari lako mwenyewe huku mwingine akikanyaga, ujionee, na ukishajionea ulikaa kwenye kreti la soda kando ya ukuta wa kituo cha mafuta mpaka taa iwake, uwe na haraka, uwe na mgonjwa wa uongo, uwe na mjomba wizarani. Na kila asubuhi kabla ya kusimamisha gari la mtu alikagua kwanza gari la kituo chao, jambo lililofanya baadhi ya askari wenzake, ambao leo wanalia kwa sauti kubwa kuliko wote, wamnunie hadi saa ya chai.

Wabaya walisema kwamba yeye na Waya wanagawana, wengine wakaongeza kwamba wanagawana zaidi ya hilo, na mimi niliyefanya uchunguzi wangu wa kina, mnanijua, nawathibitishia kwamba hakuwahi kunywa hata maji kwenye kibanda kile, alikuja na chupa yake kutoka nyumbani.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na mdogo wangu, dereva wa pikapu ya mikate, aliyesimamishwa siku moja kwa indiketa iliyokufa, akakaa kwenye kreti mikate ikipoa, akatengenezewa, akaenda. Wiki iliyofuata akasimamishwa tena kwa taa ya nyuma, na iliyofuata kwa taa ya namba, hadi mwenye kiwanda cha mikate akaanza kuamini kwamba pikapu ile imerogwa. Leo nasema hadharani, kwa kuwa marehemu hawezi tena kumsimamisha, kwamba nilipokuwa nafua shati la mdogo wangu nilikuta mfukoni balbu nzima kabisa, isiyo na kosa, imefungwa kwenye leso. Marehemu hakuwa mjinga, alimwambia kwamba hatazungumza habari ya ndoa na mwanamume ambaye gari lake haliwaki, na kuanzia siku hiyo pikapu iling'aa kama duka la dhahabu. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1992 ambaye ni muuguzi, na mvulana aliyezaliwa mwaka 1998 ambaye ni fundi wa umeme wa magari, na wale wabaya waliposikia hilo walisema mama anasimamisha na mwana anatengeneza, biashara ya familia, wakisahau kwamba uvumi wao ulianza kabla mwenyewe hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Jumamosi moja ya mwaka 2004 mdogo wangu alikuwa anampeleka mama yetu mzazi kwa pikapu ile ile kwenye harusi ya binamu, mama amevaa viatu vipya vinavyobana na kofia ya ukingo mpana, wakafika njia panda, na mke akamsimamisha mume. Taa ya breki ya kushoto ilikuwa imekufa njiani. Alimwamkia mkwe wake kwa heshima zote, akamfungulia mlango, akampangusia kreti, akamwomba akae, na mama akamwambia mwanawe amkumbushe mkewe yeye ni nani katika ukoo huu, lakini mdogo wangu alikuwa ameona kitu muhimu sana kwenye usukani na hakuweza kuinua uso. Basi mama akakaa, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma na zawadi ya bibi harusi mapajani nikashuka nikasimama pembeni, kwa kuwa tamasha kama lile huletewi mara mbili.

Waya alikuwa bado ananyonyoa nyaya wakati lilipofika gari jeusi refu la mkandarasi mmoja mkubwa, taa za nyuma zote mbili kiza, naye hakushuka, aliteremsha kioo kidogo tu, akatoa simu, akampigia mkuu wa kituo, akaongea kwa kicheko cha watu wanaokula pamoja, kisha akamnyooshea marehemu simu hiyo. Marehemu aliipokea kwa mikono miwili, akasema ndiyo afande, naelewa afande, hazijawaka bado afande, akairudisha, akaenda kumwongoza dereva wa lori lililofika. Jua likapanda, kiyoyozi kikamshinda mwenye gari kwa kuwa mafuta yalikuwa yanaisha, akashuka, na mama yetu akasogeza mkoba wake, akalipigapiga kreti la pili, akamwambia akae tu baba, hapa hakuna viti vya mbele. Pikapu ilipokuwa tayari mdogo wangu alimwita mama waondoke, mama akasema wasubiri kwanza, anamwangalia mwenzake asije akachoka peke yake. Tulifika harusini keki imeshaliwa, na jioni ile waliomsikiliza mama walikuwa wengi kuliko waliomtazama bibi harusi.

Lakini kicheko kile kilikuwa na bei, maana wiki iliyofuata marehemu aliondolewa barabarani, akapelekwa ghalani kukunja sare na kupanga mikanda, kwa maelezo kwamba amechoka na anastahili kazi ya kivulini. Hakulalamika, alikunja, lakini nyumbani alinyamaza kimya ambacho hata mimi sikuweza kukichokonoa, akaacha kuimba akioga, akaacha hata kumgombeza mumewe, na pale njia panda magari yenye chongo yakarudi kama nzi kwenye embe lililoiva, askari aliyewekwa akiandika faini mbili tatu na kukaa kivulini. Tuliogopa angeacha kazi, na tulijua akiacha kazi hiyo hatakuwa tena yule tuliyemwoa.

Aliyemrudisha barabarani ni mama yetu, yule yule mkwe aliyekalishwa. Alimwomba Waya kreti moja, akaenda nalo hadi kituo cha polisi, akaliweka uani, nyuma ya pale mkuu wa kituo anapoegesha gari lake, akakaa. Askari wa zamu alipomuuliza shida yake alisema anasubiri kitu kitengenezwe, na alipoulizwa ni kitu gani alisema mwenyewe anakijua. Jioni alirudi nyumbani kulala, asubuhi akarudi kukaa, amevaa kofia yake ya harusi, anasalimiana na mahabusu kwa majina, hadi mkuu wa kituo, aliyekuwa akimkwepa kupitia mlango wa jikoni, akatoka akamuuliza bibi, umeharibikiwa na nini. Na mama akamjibu, "Mimi mkwe nilikalishwa nikakaa, mwanangu, yule wa gari jeusi ni nani asikae? Na wewe nimekaa nyuma ya gari lako siku zote hizi, ukikanyaga breki, taa ya kulia haiwaki."

Nasikia uani hata kuku walijiheshimu. Mkuu wa kituo alimwita dereva wake, akamwamuru akanyage breki, akazunguka nyuma yeye mwenyewe, akajionea, kofia mkononi, na kwa sifa yake niseme kwamba hakukasirika, alicheka, akatuma mtu akamwite marehemu kutoka ghalani aje amkalishe. Akaleta kreti la pili mwenyewe, akakaa karibu na mama, na Waya akaitwa, na kuanzia Jumatatu iliyofuata marehemu alikuwa njia panda, na amri ikatolewa kwa askari wote wa kituo kile, kwanza gari la polisi lenyewe likaguliwe kila asubuhi, pili gari lenye taa mbovu lisiondoke kwa karatasi wala kwa simu ya mtu, liondoke likiwaka. Marehemu alisimama barabara hiyo hadi alipostaafu mwaka 2021, na mama yetu, hadi alipofariki mwaka 2015 akiuguzwa na mkwe wake huyu, hakupanda gari la mtu yeyote kabla ya kulizunguka, hata la kiongozi wa dini, hata gari la wagonjwa lililokuja kumchukua.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba mwaka jana, akawa mtu wa kitandani, na hapo ndipo sisi wa nyumba ya jirani tulipogundua kitu ambacho hawa wawili hawakuwahi kukitangaza, kwamba miaka yote ya ndoa yao, kila asubuhi, yeye alisimama nyuma ya pikapu mumewe akikanyaga breki, kwa kuwa taa ile mwenye gari hawezi kukanyaga na kuiona kwa wakati mmoja, lazima pawe na mtu nyuma. Alipoishiwa nguvu za kutoka nje mdogo wangu aliirudisha pikapu kinyumenyume hadi dirishani, akakanyaga, naye akainua kidole gumba kutoka kwenye mto. Tarehe 3 mwezi huu alilazwa, huko akawasumbua wauguzi kuhusu indiketa za gari la wagonjwa hadi zikabadilishwa, na alfajiri ya Jumanne iliyopita, binti yake amemshika mkono, moyo wake ukasimama.

Leo asubuhi, magari ya msafara yakiwa yamepangwa, nilipita nyuma ya moja baada ya jingine huku mpwa wangu akikanyaga, na la kwanza kabisa, pikapu ile ya mikate iliyooshwa kumbeba marehemu, taa ya breki ya kushoto ilikuwa imekufa. Mdogo wangu alipoambiwa alikaa chini pale pale kwenye vumbi na suti yake, akasema, "Nani angeniambia, dada? Tangu alazwe hakuna mtu nyuma." Kijana wake alivua koti, akaingia chini ya gari na vifaa vyake, na baba mtu akaketi kumsubiri, hakuna aliyemharakisha.

Magari mengine niliyoyaona siyataji, wenyewe mnajijua, na wewe shemeji wa koti la kijivu usiangalie dari. Waya yuko getini na balbu zake, msafara utaondoka kila gari likiwaka, na atakayesema atatengeneza kesho atakwenda makaburini kwa miguu, ni hapo tu mbele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha na kuteka maji, askari wenzake waliomfuta jasho, nanyi tunawaomba msimlilie zaidi, msimamisheni mtu mmoja kesho asubuhi, mkianza na gari lenu. Tunawashukuru pia madereva wote aliowakalisha, ambao mko hapa mkiwa hai na mnachoka kusikiliza.

Wifi, mumeo ameshakanyaga, mwanao alisimama nyuma na mimi pembeni yake, zinawaka zote mbili. Pumzika basi, pumzika kwa amani, barabara tutaitazama sisi.