Mama Selpha Nanzala Mabonga, Aliyetangulia Kukaa Kwenye Kiti cha Kupimwa Macho (1956–2025)

Mama Selpha alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 karibu na Kimilili, binti wa marehemu Mzee Wanyama na Mama Nelima. Alisoma hadi darasa la saba.

Mwaka 1976 alikuja Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Mzee Mabonga, na Mungu akawajalia Maximilla, Wabuge na Kevin. Kiwanda kilipofungwa, aliuza maharagwe soko la Turbo. Ukilalamikia bei, alikuuliza habari za nyumbani mpaka ukajikuta umeshafungiwa makopo mawili ya gorogoro.

Mwaka 2012 jicho lake la kushoto lilizimika polepole, bila maumivu. Kliniki ikasema ni presha ya macho: lililopotea halirudi, ila la kulia lingeokolewa kwa dawa ya matone. Selpha akamkumbuka mama yake aliyekufa kipofu, watu wakisema ni uzee. Akamfuata mdogo wake, Nabalayo.

"Hii kitu iko kwa damu yetu. Twende upimwe."

Nabalayo alifika kliniki, lakini alipoona kifaa mkononi mwa muuguzi Jepkemboi, kama kalamu nene, akarudi nyuma. "Hiyo iguse jicho langu? Apana, dada. Si nitapofuka?"

Selpha akakaa kitini yeye kwanza. Akatiwa dawa ya ganzi, kifaa kikamgusa jicho mara kadhaa.

"Umeniona nikilia?"

"Hata kushtuka hujashtuka."

"Basi kalia kiti."

Presha ya Nabalayo ilikuwa juu sana, naye hakuwa amehisi lolote. Alianza dawa siku hiyo. Ndiye anayewasomea maneno haya leo.

Tangu hapo Selpha aliwapeleka akina mama wa kanisa kupimwa, na kila mara yeye ndiye aliyetangulia kitini.

Desemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua. Alilala tarehe 14 Machi 2025, mkono wake mkononi mwa Mzee Mabonga.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake. Jumamosi ijayo akina mama wa kanisa wanakwenda kliniki ya Cheptiret kupimwa, kama alivyokuwa amepanga. Jepkemboi amethibitisha, na gari lipo.

Mungu ampe Mama Selpha pumziko la amani.