Mzee Ngwali na Msumeno wa Makangale

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, enyi mliohudhuria hitima hii, mnasomewa na mkwewe, Bakar, atakayejitaja kwa jina, maisha ya Mzee Ngwali Hamad Mmanga, kwa idhini ya wafiwa, na hayakupunguzwa makali, kwani marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kupunguza.

Alizaliwa Mgogoni tarehe 4 Juni 1915, akasoma chuoni kwa Mwalim Sleiman hadi akahitimu Kurani mwaka 1927, kisha madarasa manne ya skuli. Mwaka 1938 alikwenda Makangale kupasua mbao kwa msumeno wa mkono, na mwaka 1940 akamuoa Bi Mwatima binti Soud, wakajaaliwa watoto wawili, Himid na Kazija.

Agosti 1957 uliletwa msumeno wa mashine, sahani ya chuma yenye meno, inayozungushwa na injini kwa mkanda, na tarehe 9 Januari 1958 ukamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaviokota kwenye unga wa mbao, akavifunga kwa kitambaa, akaenda kuvizika mwenyewe, na tangu hapo akawa mkali kupita kiasi. Aliyekuja na kanzu ya mikono mirefu alichaniwa papo hapo, aliyegusa mkanda injini haijazimwa alizabwa kofi mbele ya wenziwe, na Bakar, siku yake ya kwanza, alipata yote mawili. Lililompandisha wazimu hasa ni mtu kupitisha kitu juu ya meno yanayozunguka, na kwa kuwa meno yalikuwa upande wa kulia wa msaidizi, akapiga marufuku adabu ya mkono wa kulia pale msumenoni, akifoka, "Nipe kwa kushoto, au weka chini!" Walimwita mkorofi, na kweli alikuwa mkorofi, lakini kwa miaka minne hakuna mwengine aliyepoteza hata ukucha.

Tarehe 20 Oktoba 1961 alimwozesha Bakar binti yake Kazija, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu makofi ya fundi, Bakar alishayazoea, ila baba mkwe alimwonea haya.

Jumanne, tarehe 13 Machi 1962, saa tatu asubuhi, gogo la mvule lilianza kuubana msumeno, Mzee Ngwali akataka kabari ya kuupanua mpasuo, nayo ilikuwa katika mkono wa kushoto wa Bakar, upande wa salama, lakini Bakar aliona aibu kumpa mkwewe kwa kushoto, akaihamishia kulia, akaupitisha mkono juu ya meno. Mzee alimsukuma kifuani kwa nguvu zake zote, Bakar akaanguka chali, na msumeno ukaunyakua mkono wa marehemu, ukaukata juu ya kiwiko, damu ikaruka hadi kwenye paa, gogo likarudi kwa kishindo likamvunja mbavu, na injini ikanguruma vivyo hivyo mpaka Himid alipoizima.

Alifariki hospitalini Wete Alhamisi, tarehe 15, baada ya kumuuliza Bakar kama mikono yake ni mizima yote miwili, na alipojibiwa kuwa ni mizima, alimtukana kwa sauti ndogo, kisha akamuusia amtunze Kazija.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makangale, na wapasuaji wenziwe, hasa waliofukua unga wa mbao mpaka mkono ukapatikana, akazikwa nao. Kesho injini inawashwa, na Bakar ndiye atakayesimama mahali pake.

Pumzika kwa amani, baba. Mikono ya Bakar ni mizima, na msumenoni atatoa kwa kushoto.