Nyuzi za Gitaa Liitwalo Bibi

Muuguzi aliketi ndani ya treni, nyuma ya wanamuziki wawili waliokuwa wakibishana. Hakuna aliyemwambia kwamba huyo Bibi wao ni gitaa.

"Juzi nikamlaza Bibi mapajani, nikamfunga nyuzi nene za chuma. Shingo ikapinda," alisema mmoja.

"Nene zote sita? Kwa uzee ule? Ungemwekea nyembamba, bwana."

"Nyembamba zinakatika nikimkaza. Hizi nimezitoa kwa mwingine, nikazichemsha."

Muuguzi akainama mbele asikie vizuri. Ameshona watu vidonda miaka ishirini, lakini nyuzi za mitumba hakuwahi kuzisikia. Treni iliposimama, akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani, wanangu. Bibi mwenyewe yuko wapi sasa?"

"Chini ya kitanda, mama," alijibu yule akishuka. "Nimemwekea tofali shingoni, anyooke."